William Cowper, Mtunga Nyimbo Aliyeugua Huzuni



Wengi wetu tumeimba tangu utotoni ule wimbo unaosimulia chemchemi ya damu ya Imanueli, ambamo wenye dhambi huoshwa. Tunauimba wakati wa Kwaresima, tunauimba matangani, na wazee wetu wengine huuimba bila kufungua kitabu. Lakini ni wachache wanaojua kwamba aliyeutunga aliugua ugonjwa wa akili, tena si mara moja. Kwamba alikaa mwaka mmoja na nusu katika nyumba ya daktari wa wagonjwa wa namna hiyo. Na kwamba katika miaka 27 ya mwisho ya maisha yake aliamini kuwa Mungu amemtupa.

Mtu huyo ni William Cowper, Mwingereza, ambaye jina lake hutamkwa Kupa. Tumeona vema kuwaeleza habari zake katika toleo hili, kwa sababu ugonjwa aliougua haukufa pamoja naye. Madaktari wa siku hizi huuita sonona. Upo mijini na vijijini, upo katika nyumba za wasiosali na za wanaosali, na umo katika parishi zetu pia, ingawa hatupendi kuutaja.

UTOTO NA UJANA WAKE

Cowper alizaliwa mwezi wa Novemba mwaka 1731 katika mji mdogo wa Berkhamsted, ambako baba yake alikuwa kasisi. Wazazi wake walijaliwa watoto saba, lakini watano walikufa wangali wadogo, wakabaki William na mdogo wake John. Mama yao alifariki mwaka 1737, siku chache baada ya kumzaa John. William alikuwa na umri wa miaka sita hivi. Jeraha hilo halikupona kamwe. Alipokuwa mtu mzima wa miaka 58, jamaa mmoja alimpelekea picha ya mama yake, naye akaitundika karibu na kitanda chake ili iwe kitu cha kwanza kukiona kila aamkapo.

Baada ya msiba ule mtoto alipelekwa shule ya bweni. Huko kijana mmoja mkubwa alimtesa kwa siri, na mtoto akamwogopa hata hakuthubutu kuinua macho amtazame usoni. Alimtambua kwa vifungo vya viatu vyake tu. Baadaye alisoma Westminster, shule mashuhuri ya London, kisha akajifunza sheria. Alimpenda Theodora, binti wa baba yake mdogo, lakini mzee huyo alikataa wasioane.

Mnamo mwaka 1753, alipokuwa akiishi peke yake London, huzuni kubwa ilimshika kwa mara ya kwanza. Usiku alilala na hofu, asubuhi akaamka na hofu. Vitabu alivyovipenda havikumvutia tena. Hali hiyo ilidumu karibu mwaka mzima, kisha ikamwachia alipokwenda kupumzika pwani karibu na Southampton. Tunaomba msomaji alikumbuke jambo hili, maana tutalirudia: ugonjwa ulimwanza kabla hajawa mtu wa dini sana.

MWAKA 1763

Alipokuwa na umri wa miaka 31, jamaa yake mwenye cheo alimtafutia kazi nzuri ya ukarani katika Baraza la Juu la Bunge la Uingereza. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Lakini wakatokea wapinzani, ikaamriwa kwamba Cowper asimame mbele ya Baraza aulizwe maswali ili ionekane kama anafaa. Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa jambo la kukosesha usingizi siku mbili tatu. Kwake lilikuwa kama hukumu ya kifo. Kwa miezi mingi alikwenda kila siku kusoma madaftari ya Baraza bila kuelewa neno. Alikwenda kwa daktari wa London, akaenda pwani Margate kupumzika, akapata nafuu kidogo. Siku ya mtihani ilipokaribia, hofu ikarudi kwa nguvu zaidi.

Hatimaye alijaribu kuutoa uhai wake, zaidi ya mara moja. Mungu hakuruhusu. Jamaa yake alipoitwa na kuona hali yake, aliiacha ile kazi mara moja.

Sasa tuangalie waliyoyafanya ndugu zake, maana hapo pana somo. Alikuja binamu yake Martin Madan, kasisi na mhubiri hodari. Akaketi kando ya mgonjwa, akamweleza juu ya damu ya Kristo na haki ipatikanayo kwa imani. Cowper alilia na kupata faraja kidogo. Lakini baada ya muda mfupi akili yake ikavurugika kabisa. Mahubiri yalikuwa ya kweli, na mhubiri alikuwa mtu wa upendo, ila mgonjwa hakuwa na nguvu ya kuyashika aliyoambiwa. Ni kama kumwekea chakula kizuri mtu mwenye homa kali: kosa haliko katika chakula.

Ndipo mdogo wake John, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Cambridge, alishauriana na jamaa, wakakata shauri kumpeleka kwa daktari. Hawakumficha chumbani wala kungoja watu wasahau. Mwezi wa Desemba 1763 walimfikisha katika mji wa St Albans, kwa Daktari Nathaniel Cotton.

NYUMBA YA DAKTARI COTTON

Yatupasa kujua kwamba siku zile wagonjwa wa akili waliteswa sana. Katika hospitali kubwa ya London iliyoitwa Bethlem wengi walifungwa minyororo, na watu wa mjini walikuwa wakienda kuwatazama kama wanyama na kuwacheka. Daktari Cotton hakuwa wa namna hiyo. Alipokea wagonjwa wachache tu nyumbani mwake, akawatunza kwa upole. Alikuwa Mkristo na yeye mwenyewe alitunga mashairi. Alijua dawa, alijua pia kuzungumza na kusikiliza.

Cowper alipofika hakuwa na tumaini lolote. Kwa miezi mingi alingoja adhabu ya Mungu impate saa yoyote. Daktari hakubishana naye kila siku juu ya mambo ya roho. Alihakikisha kwamba anakula na analala, na kwamba yuko mtu wa kumwangalia usiku na mchana asijidhuru. Polepole mwili ulipata nguvu, na akili ikaanza kutulia.

Mwezi wa Julai 1764 John alikuja kumtembelea. Alimkuta bado anasema kwamba amekwisha kuhukumiwa, akamwambia kwa nguvu kuwa hayo yote ni mawazo ya ugonjwa tu. Cowper akatokwa machozi, akaanza kufikiri kwamba pengine ndugu yake asema kweli. Kabla ya hapo alikuwa ameokota Biblia iliyoachwa juu ya benchi bustanini, akasoma habari za Lazaro na jinsi Bwana alivyomhurumia. Sasa aliifungua tena, akaifikia sura ya tatu ya Waraka kwa Warumi, mahali Mtume Paulo anapoeleza upatanisho kwa damu ya Kristo. Maneno yale yale aliyoyasikia kwa Madan bila kuweza kuyashika, leo yaliingia moyoni. Alijawa na furaha hata hakuweza kusema.

Daktari Cotton hakuishangilia furaha hiyo haraka. Kama tabibu mwenye busara alihofu isije ikawa sura nyingine ya ugonjwa, akamwangalia kwa makini. Alipoona kwamba ni uzima kweli, alifurahi pamoja naye, na kila asubuhi wakazungumza juu ya Injili. Wala hakumruhusu aondoke siku ile. Cowper alikaa hapo karibu mwaka mmoja zaidi, hata Juni 1765.

Je, ni nani aliyemponya, daktari au Neno la Mungu? Cowper mwenyewe hakuona haja ya kuchagua. Alimshukuru Mungu maisha yake yote kwa kumpeleka kwa daktari yule.

OLNEY

Alipotoka St Albans alikwenda Huntingdon, na huko akapata marafiki, Kasisi Morley Unwin na mkewe Mary, waliomkaribisha nyumbani mwao kama ndugu. Kasisi Unwin alifariki mwaka 1767 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi. Mwaka huo huo Cowper na Mama Unwin walihamia Olney, kijiji cha watu maskini waliofuma lesi, ili wawe karibu na kasisi wa huko, John Newton. Huyu ndiye Newton aliyekuwa zamani nahodha wa meli ya watumwa, akaokoka, akawa kasisi na mtunga nyimbo.

Newton alimwona Cowper kuwa mtu wa sala na huruma. Walizuru wagonjwa pamoja, wakasali pamoja na maskini, kisha wakaanza kutunga nyimbo za ibada. Kitabu chao kilichapishwa mwaka 1779 kikiwa na nyimbo 348, na zaidi ya 60 ni za Cowper.

Lakini mwezi wa Januari 1773 ugonjwa ulirudi. Baadaye kidogo aliota ndoto ya kutisha, akaamka akiamini kwamba amesikia Mungu akimkataa milele. Tangu hapo aliacha kwenda kanisani. Watu wakisali kabla ya kula, yeye hakushiriki, kwa kuwa alijiona hana haki ya kusali. Mtu aliyewafundisha maelfu kuimba juu ya neema alisadiki kwamba neema ni ya kila mtu isipokuwa yeye.

Newton na mkewe walimchukua nyumbani kwao, wakamvumilia zaidi ya mwaka mzima. Walimlinda usiku na mchana pamoja na Mama Unwin, kwa maana alijaribu tena kujiua. Hatuwezi kuusifu upendo wao kiasi cha kutosha. Hata hivyo lazima tuseme jambo moja. Walikaa miezi kadhaa wakingoja na kuomba kabla ya kutafuta tena shauri la Daktari Cotton, aliyemjua mgonjwa na aliyekuwa amemsaidia zamani. Waliwaza kwamba vita hii ni ya kiroho tu. Hatuwahukumu. Sisi nasi tumefanya hivyo. Tumewahi kumwambia mtu mwenye huzuni aongeze maombi na imani, tukamrudisha nyumbani akiwa na mzigo mzito kuliko aliokuja nao.

Wako waliosema baadaye kwamba ni dini iliyomtia Cowper wazimu. Hilo nalo si kweli. Tumeona kwamba alianza kuugua miaka mingi kabla ya kuongoka, na kwamba miaka yake ya afya njema kabisa ni ile ya baada ya St Albans, alipoishi kwa sala. Ugonjwa ulivaa tu mavazi uliyoyakuta nyumbani. Alipokuwa mwanasheria, aliogopa Bunge. Alipokuwa mtu wa dini, aliogopa hukumu.

SUNGURA WATATU

Nafuu ilikuja polepole, kwa njia ndogo ndogo. Mwaka 1774 alipewa mtoto wa sungura wa porini, kisha wengine, akabaki na watatu: Puss, Tiney na Bess. Aliwatengenezea vibanda, akawalisha kwa mkono wake. Puss alipougua, Cowper alimuuguza siku tatu hata akapona. Alijifunza useremala, akachora picha, akalima matango na matikiti, akajenga kibanda cha vioo cha kutunzia maua wakati wa baridi. Mtu asiyeweza kujibeba alipata kitu kidogo cha kubeba, na siku zikapita.

Mama Unwin alipoona hivyo alimshauri aandike mashairi marefu. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1782, naye ana miaka 50. Mwaka 1785 likatoka shairi lake kubwa, ambalo kwa Kiswahili tungeliita Kazi, akawa mshairi mashuhuri katika Uingereza yote. Mwaka 1788 alitunga mashairi ya kupinga biashara ya watumwa kutoka Afrika, na wapinzani wa biashara hiyo waliyasambaza kwa wingi. Sisi tunaoishi katika nchi ambazo misafara ya watumwa ilipita tunapaswa kukumbuka kwamba mgonjwa huyu, aliyejiona amekataliwa na Mungu, aliwatetea watu waliokataliwa na wanadamu.

Mwaka 1787 ugonjwa ulimrudia tena kwa miezi sita hivi, ukamwachia, akaendelea na kazi.

SIKU ZA MWISHO

Katika miaka ya mwisho Mama Unwin alipatwa na kiharusi, na aliyekuwa akiuguzwa akageuka kuwa mwuguzaji. Wakati huo Cowper alimwegemea mwalimu mmoja wa shule huko Olney, Samuel Teedon, aliyesema kwamba hupokea ujumbe kutoka kwa Mungu. Cowper alimpelekea ndoto zake na sauti alizozisikia, naye Teedon akamjibu kwamba ameonyeshwa mambo yatakuwa mema. Walimsaidia kwa fedha kila mwaka. Hatufikiri kwamba Teedon alikuwa mlaghai. Pengine aliyaamini aliyoyasema. Lakini mambo mema aliyoyaahidi hayakutokea, na kila ahadi iliyoanguka ilimzamisha mgonjwa zaidi. Kwetu nako wapo wanaouza ahadi za namna hiyo, wengine kwa bei kubwa.

Mwaka 1794 rafiki zake walimwita Daktari Willis, aliyemtibu Mfalme George wa Tatu, lakini safari hii hali ilikuwa nzito mno, na elimu ya utabibu ya siku zile ilikuwa bado changa. Mwaka 1795 kijana wa ukoo wake, John Johnson, aliwachukua wazee hao wawili, akawatunza huko Norfolk. Mama Unwin alifariki Desemba 1796. Cowper alifariki katika mji wa East Dereham tarehe 25 Aprili 1800, akazikwa ndani ya kanisa la Mtakatifu Nikolao. Hakuwa amepata tena lile tumaini la St Albans. Lakini Johnson, aliyekuwapo, alisimulia kwamba baada ya kukata roho uso wa marehemu ulikuwa umetulia, wenye mshangao mtakatifu, kama wa mtu aliyekuta jambo jema asilolitazamia.

SISI TUFANYE NINI?

Twaamini kwamba Mungu hakumtupa Cowper. Yeye ndiye aliyeshindwa kumwona Mungu, kama mtu mwenye ugonjwa wa macho asivyoliona jua, na jua lipo. Basi tusipime imani ya mtu kwa huzuni yake. Nabii Eliya alipoomba afe chini ya mti kule jangwani, malaika hakumkemea kwa uhaba wa imani. Alimpa chakula na maji, akamwacha alale. Na mmoja wa waandishi wa Injili, Luka, alikuwa tabibu.

Ukiona mtu nyumbani mwako halali, au halali vizuri. Hana hamu ya kula wala ya kazi aliyoipenda. Anajiona si kitu, au anasema heri kufa. Na hali hiyo inaendelea majuma mawili au zaidi, usingoje. Mwombee, lakini pia mchukue kwenye zahanati au kituo cha afya, ukaulize ni hospitali ipi yenye daktari wa magonjwa ya akili. Fuatana naye, maana mgonjwa wa namna hii mara nyingi hana nguvu ya kwenda peke yake. Siku hizi zipo dawa ambazo Daktari Cotton hakuwa nazo, na wapo watu waliosomea kumsikiliza mgonjwa na kumshauri. Dawa hizo huchukua majuma kadhaa kabla nguvu yake haijaonekana, basi asiziache kwa kukata tamaa wala kwa kuwa mtu fulani amemwambia ameponywa. Na yeyote asemaye kwamba anataka kujiua asiachwe peke yake hata saa moja. Kumwuliza waziwazi hakumtii wazo hilo. Mara nyingi humpunguzia mzigo.

Na wewe unayesoma haya ukijijua kuwa ndiwe mgonjwa, na hujamwambia mtu: mwambie mmoja leo. Kasisi wako, au mama wa Umoja unayemwamini, au ndugu yako. Mwambie akupeleke. Kwenda kwa daktari si kumkana Kristo. Cowper alikwenda, na huko ndiko alikoanza kupona.

Jumapili ijayo tukiimba wimbo wake, tukumbuke kwamba uliandikwa na mtu aliyekuwa amekwisha kutoka katika nyumba ya daktari, akiwa hana aibu ya kuwa alikuwa huko. Tuuimbe pia kwa ajili ya wale ambao kwa sasa hawawezi kuimba, mpaka watakapoweza tena.